Ubishi wa Simu, Gemu na Sayansi: Mwongozo Kamili wa Kuufikisha Mahali

Kwa kinyozi wangu pale mtaa wa Umoja, Nairobi, kuna daftari la kurasa mia moja lililofungwa kwa uzi kando ya kioo. Mgeni hudhani ni la madeni. Ni la ubishi. Kila mabishano yaliyopita kiasi huandikwa humo: nani alidai nini, aliweka dau gani, na mwisho wake ulikuwa upi. Ukurasa wa kwanza ni wangu, na nilishindwa.

Nilikuwa nimenunua pawabenki mjini, imeandikwa miliampea-saa (mAh) 20,000 kwa herufi kubwa. Betri ya simu yangu ni 5,000. Nikafanya hesabu ya darasa la nne: mara nne. Nyumbani ikachaji simu mara tatu, ikazima. Jumamosi nikatangaza mbele ya watu sita, mmoja akiwa na povu kidevuni, kwamba muuzaji ni mwizi na kwamba nikishanyolewa nashuka mjini kumvaa. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu, anasomea umeme, akaniuliza polepole: "Mzee, hizo miliampea ni za volti ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akaomba kalamu. Seli za ndani ya pawabenki ni za volti 3.7, kwa hiyo 20,000 zile ni wati-saa 74. Betri ya simu ni ya volti 3.85 hivi, na 5,000 zake ni wati-saa 19 na ushei. Gawanya: unapata 3.8, hata nne haifiki. Kisha pawabenki hupandisha umeme hadi volti 5 ili upite kwenye waya, simu nayo huushusha tena, na kila kupanda na kushuka kuna joto linalopotea. Ishike ikiwa kazini utalihisi kiganjani. Mara tatu ndiyo haki yake. Nikawanunulia wote chai na mandazi.

Elimu ya umeme ningeweza kuiazima kwa mtu. Kosa langu lilikuwa kuhukumu kwanza na kupima baadaye. Tangu siku hiyo tumejitungia utaratibu pale kinyozini, nao unafaa kokote: kwenye kibanda cha gemu, kwenye matatu iliyokwama Jogoo Road, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ambako binamu wawili wamenuniana tangu Krismasi kwa sababu ya iPhone.

1. Jua kwanza mnabishania nini

Ubishi wa mambo haya huja kwa namna tatu, na kila namna ina dawa yake. Uko ubishi wa kipimo: simu hii inakaa na chaji kuliko ile? Huo una jibu, leteni saa. Uko ubishi wa ladha: gemu gani ni tamu zaidi? Huo hauna jibu na raha yake ni hiyo. Bishaneni hadi usiku, hakuna kitakachoharibika ila sauti zenu. Wa tatu ni ubishi wa neno, na huu ndio unaotuumiza, kwa sababu hujivika nguo za kipimo.

Chukua swali lililotumaliza jioni mbili: setilaiti ya kwanza ya Kenya ni ipi? Mzee mmoja alishikilia ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kijana wa umeme akasema hapana, ni ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya mwaka 2018. Mwingine akawacheka wote wawili: ni Taifa-1, ya 2023, mbona ilitangazwa kila mahali?

Sasa tazama ukweli wenyewe. Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, na ndiyo maana ikapewa jina hilo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Lakini mwenyewe alikuwa NASA wa Marekani, na waliorusha ni Waitaliano. Ile ya 2018, 1KUNS-PF, ilikuwa kijisanduku kidogo cha chuo kikuu kilichoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, wala si kwa roketi kutoka ardhini moja kwa moja. Taifa-1 ilipanda tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, California, na ndiyo ya kwanza ya Kenya iliyokusudiwa kazi ya kila siku ya kupiga picha za ardhi.

Hakuna aliyedanganya. Walichotofautiana ni neno "ya": ya Kenya kwa kurushiwa hapa, kwa kutengenezwa na chuo chetu, au kwa kufanyia serikali kazi? Tungeulizana hilo dakika ya kwanza, tungeokoa jioni moja na nusu.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla ya hoja yoyote, ni hili: "Ukisema hivyo, una maana gani hasa?" Liulize kwa upole. Kwa aliyekuzidi umri sema, "Mzee wangu, hebu nieleweshe hapo." Sauti ikipanda hapa, hatua zote zinazofuata ni bure.

2. Liandike dai kwa sentensi moja, liwe na namba

"Intaneti ya nyumbani kwangu ni mbovu" ni kilio. Pole, lakini hatuwezi kukipima. Dai ni hili: "Nalipia Mbps 10, lakini gemu ya GB 50 imeshuka usiku kucha, kwa hiyo hawanipi ninacholipia."

Likishaandikwa hivyo, jibu hujitokeza lenyewe. Ile b ndogo kwenye Mbps ni biti, na B kubwa kwenye GB ni baiti. Baiti moja ni biti nane. Mbps 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. Megabaiti 50,000 gawanya kwa 1.25 ni sekunde 40,000, yaani muda wa saa 11 na dakika chache. Usiku kucha ndicho alichokilipia. Ingekuwa imechukua saa 20, hapo angekuwa na kesi, na angekwenda kuwasemesha akiwa na karatasi mkononi.

Hesabu ya aina hiyohiyo hufunga malalamiko ya flashi ya GB 128 inayoonekana 119 kwenye kompyuta ya Windows. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hakuna aliyekula GB 9 zako.

Na kamera za megapikseli 108? Simu nyingi za namna hiyo huunganisha pikseli tisa kuwa moja, zikakupa picha ya megapikseli 12. Namba iliyo kwenye boksi na namba iliyo kwenye picha ni mambo mawili, kwa hiyo andika unayoibishania ni ipi.

3. Semeni mapema kitakachowabadilisha mawazo

Hii ni hatua fupi, na ndiyo watu huiruka. Kila mmoja aseme kabla ya kupima: nikiona jambo fulani, nitakubali nimekosea. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mkisubiri hadi matokeo yatoke kila mtu atayatafsiri kwa faida yake.

Mtu akisema hakuna kitu chochote kitakachombadilisha, mshukuru kwa uwazi wake, kisha zungumzieni mpira.

Dau liwe chai, mandazi au gharama ya kunyolewa. Pesa taslimu tulizikataza. Nairobi hii ina kamari ya kutosha, na mtu aliyeweka shilingi mia tano hataki tena kujua ukweli, anataka mia tano yake.

4. Wapange mashahidi kwa uzito

Si kila anayetoa ushahidi ana uzito sawa. Kwetu wanapangwa hivi, kutoka mwepesi hadi mzito: niliyoambiwa, niliyoyaona mara moja, niliyoyaona mara nyingi nikayaandika, yaliyopimwa na watu wasiofahamiana wakapata jibu lilelile. Skrinshoti ya akili mnemba tunaiweka chini kabisa, pamoja na "niliyoambiwa". Uliza programu hizo swali moja kwa namna mbili zinazopingana uone zinavyokubaliana na wewe mara zote mbili. Zina faida, hasa ya kukuonyesha pa kuanzia kutafuta, ila si mashahidi.

Hapa nataka nikae kidogo, maana tuna mfano wa nyumbani kabisa.

Ukitoka Nairobi kwenda Nanyuki, kilomita 200 hivi, unakuta kibao cha ikweta. Pembeni wako vijana wenye karai lenye tundu, jagi la maji na vijiti vya kibiriti. Anakupeleka hatua kadhaa kaskazini, anazibua tundu, vijiti vinazunguka upande mmoja. Anakupeleka kusini, vinazunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe, maji yanateremka wima bila kuzunguka. Watalii hupiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, na miaka mingi nilimwambia kila mtu kwamba hayo ni mzunguko wa dunia, nimeona kwa macho yangu.

Nguvu inayotajwa pale ipo kweli. Inaitwa nguvu ya Coriolis, na ndiyo inayofanya vimbunga vya kusini mwa ikweta, kama Idai kilichoipiga Msumbiji mwaka 2019, vizunguke kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na vya kaskazini vizunguke kinyume. Swali ni kama inaweza kuyaamuru maji ya karai.

Mwaka 1962 profesa Ascher Shapiro wa MIT, Marekani, aliamua kupima. Alitumia tanki la mviringo lenye upana wa futi 6 na maji ya kina cha inchi 6. Akayaacha yatulie saa 24. Kisha akazibua kutokea chini, asiyaguse. Maji yakazunguka kinyume cha saa, kama inavyotakiwa kaskazini. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, wakarudia jambo hilo upande wa kusini, yakazunguka kwa mwelekeo wa saa. Huyo ni shahidi wa daraja la juu: watu tofauti, mabara tofauti, na jibu lilikuwa limetabiriwa kabla.

Wenye karai wakifika hapa hushangilia. Wangoje. Shapiro alihitaji tanki kubwa na siku nzima ya utulivu, tena akiwa nyuzi 42 kutoka ikweta. Nguvu hii hupungua kadiri unavyoukaribia mstari, na juu ya mstari ni sifuri. Nairobi, iliyo nyuzi moja na robo kusini, ina kama sehemu moja tu kati ya thelathini ya ile aliyokuwa nayo. Ukisimama mita 20 kutoka kwenye kibao cha Nanyuki, unayo iliyo ndogo kuliko yake mara laki mbili hivi. Maji yaliyotoka kwenye jagi sekunde kumi zilizopita hayawezi kuihisi. Yanachokihisi ni mkono wa mtu: amemimina upande gani, amegeuka vipi akiwa ameshika karai. Yule kijana ni fundi hodari, na mimi bado ningemlipa. Ila sasa ningekuwa namlipa kwa mazingaombwe.

Ukitaka kujihakikishia nyumbani, usiniamini mimi. Tafuta karai jeupe, toboa tundu dogo katikati, liwekee kizibo kinachotolewa kwa chini, uliweke juu ya viti viwili. Mwaga maji ukizungusha mkono kulia, subiri dakika moja, zibua, andika. Rudia ukizungusha kushoto. Fanya mara tano tano. Utaona maji yanamfuata mmiminaji. Kisha jaza jioni, funika lisipigwe na upepo, lala, zibua asubuhi. Fanya hivyo siku kumi na uone kama yana upande yanaoupenda. Kwangu mimi, asubuhi ya tatu mtoto alinawia maji yale, ikabidi nianze upya.

Wapo mashahidi wazito usioweza kuwafikia mwenyewe. Mzee wa setilaiti haamini kwamba binadamu alifika mwezini. Tulimwambia kwamba safari za Apollo 11, 14 na 15 ziliacha vioo huko, na kwamba vituo vya Texas na kusini mwa Ufaransa vimekuwa vikivipiga kwa leza na kupokea mwanga ukirudi baada ya sekunde mbili na nusu. Tukaongeza kwamba Wasovieti, waliokuwa na kila sababu ya kuwaumbua Wamarekani, hawakupinga. Akajibu: nionyeshe Umoja. Hatuna leza ya kumwonyesha Umoja. Daftarini limeandikwa "halijafungwa", na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa pale aliyekataa ametaja sharti lake wazi.

5. Hesabu na siku ambazo hukupiga kelele

Sasa twende kibandani. Gemu yenyewe, ya mpira wa miguu, tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, lakini kibandani itabaki FIFA, kama dawa ya meno inavyobaki Colgate hata ikitoka kiwanda kingine. Malalamiko nayo hayabadiliki: "Gemu imeamua nishindwe." Unaongoza, dakika ya 85 mabeki wako wanakuwa sanamu, kipa anaurukia upande wa pili, pedi inarushwa kitini.

Jambo hili lilifika hadi mahakamani. Mwaka 2020 wachezaji watatu wa California waliishtaki EA, kampuni inayoitengeneza, wakidai gemu hupandisha ugumu kwa siri. Mwaka uliofuata waliiondoa kesi wenyewe, na EA ikasema iliwapa maelezo ya kiufundi na kuwakutanisha na wahandisi wake. Hiyo ni kauli ya mwenye duka, kwa hiyo ipime kwa uzito wa kauli ya mwenye duka. Ila kabla hujamshuku mwenye gemu, mshuku kwanza bahati.

Tuseme wewe na mwenzako mna uwezo sawa kabisa, kama kurusha sarafu, na sare mnaimaliza kwa penalti. Mkicheza mechi kumi, kuna njia 1,024 za matokeo kupangika. Ngapi kati ya hizo wewe unapoteza nane au zaidi? Kupoteza nane hasa kuna njia 45, tisa njia 10, zote kumi njia 1. Jumla 56. Hiyo ni kama 5 na nusu katika kila 100.

Inaonekana ndogo. Lakini kibanda kina vijana 20, na kila mmoja akicheza mechi kumi na mtu wa kiwango chake, tegemea mmoja hivi apoteze nane au zaidi bila mkono wa mtu. Huyo ndiye utakayemsikia hadi barabarani. Wale 19 wamenyamaza, wanakula njugu.

Kwa hiyo anayetaka kuishtaki gemu apewe kazi hii. Aandike utabiri kabla: "Nikiongoza kwa bao moja kufikia dakika ya 80, nitasawazishiwa au kufungwa zaidi ya nusu ya mara hizo." Kisha aandike kila mechi aliyoongoza dakika ya 80, zikiwemo zile alizoshinda kwa utulivu na kuzisahau kabla hajafika stejini. Mechi mia moja, kwa penseli. Mpaka leo tumempata mmoja tu aliyefika arubaini, na njiani aligundua kwamba anapoongoza huacha kukaba.

6. Jaribio la gizani

Namba ile ya 56 kati ya 1,024 ina kazi nyingine, na hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote.

Mtu husema TV ile ya pembeni "inachelewa", au chaja ya asili "inaingiza moto mzuri", au anaona wazi tofauti kati ya fremu 30 na 60 kwa sekunde. Huenda anaona kweli. Kwenye fremu 30 kila picha hukaa milisekunde 33, na kwenye 60 hukaa karibu 17. TV nazo huipamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo unaweza kuongeza makumi ya milisekunde kati ya kidole na skrini. Ndiyo sababu TV nyingi zina hali ya gemu, ambayo hupunguza mapambo ili picha iwahi. Mwenye kibanda ambaye hajaiwasha anakosesha watu mabao ya haki. Nenda kwenye mipangilio ya picha uitafute leo.

Lakini kama kweli mtu anaihisi, aihisi akiwa hajui. Mlalamishi ageuze uso. Wa pili arushe sarafu: kichwa awashe hali ya gemu, mkia azime, na aandike pembeni bila kuonyesha. Mlalamishi acheze dakika mbili, aseme imewashwa au imezimwa. Mara kumi. Anayebahatisha tu hupata nane au zaidi kwa ile nafasi ya 5 na nusu katika 100, kwa hiyo akipata nane mnunulie soda, macho yake yanafanya kazi. Akipata tano, TV haina hatia.

Angalizo moja: anayerusha sarafu akae nyuma ya mchezaji. Tuliwahi kudanganywa na uso wa kinyozi, ambaye hawezi kuficha kitu.

7. Inapofika kwenye afya na watoto

Hapa sauti hubadilika, kwa kuwa hofu ni ya kweli. Mama anayeuza mboga karibu na kibanda alituuliza kama gemu za kupigana zitamfanya mwanawe awe jambazi. Kijana mmoja akamrukia: "Mama, hiyo ilishathibitishwa ni uongo!" Haikuthibitishwa hivyo. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, upo uhusiano mdogo kati ya gemu za vurugu na tabia za ukali kama kufokeana na kusukumana. Pili, hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha na uhalifu wa kumwaga damu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha vijana wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, na ambao watafiti wake waliandika mpango wao hadharani kabla ya kuanza, haukuona uhusiano kati ya gemu hizo na ukali. Kila upande una kipande chake, na anayekuletea kipande kimoja tu anakuuzia kitu.

Tulipomuuliza mama anamaanisha nini hasa, tukarudi hatua ya kwanza. Kilichomsumbua ni nauli ya shule inayoishia kibandani na saa za usiku. Hilo halihitaji chama cha Marekani. Mwenye kibanda alikubali kutopokea watoto wenye sare za shule. Kwa wale ambao gemu imewala maisha yote, Shirika la Afya Duniani lina jina la tatizo hilo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na la kutazama ni kama mtu ameshindwa kujizuia huku shule, kazi na nyumba vikiharibika. Kucheza sana wakati wa likizo ni jambo jingine.

Minara ya 5G nayo huja na karatasi ya mwaka 2011, pale shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilipoyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, "huenda yakasababisha saratani". Anayeisambaza hutetemeka. Mwonyeshe wengine wa kundi hilo: mboga zilizochachushwa za Asia na dondoo la jani zima la mshubiri. Kundi lile linasema kiasi cha shaka ya wanasayansi, halisemi ukubwa wa hatari. Mawimbi ya 5G ya gigahezi 3.5 yana marudio madogo zaidi ya mara laki moja kuliko mwanga wa balbu ya sebuleni, na madhara yanayojulikana ya mawimbi ya namna hii yakizidi nguvu ni kupasha joto, ndiyo maana kukawekwa viwango vya mwisho. Mwambie hayo mara moja, kwa utulivu, bila kumwita mshamba. Ukimwita mshamba, umeujenga mnara mwingine.

8. Kumfungulia mwenzako mlango

Asiyekubali kushindwa si mshindani, watu wote husema hivyo, hasa wakiwa wameshinda. Kukubali mbele ya watu ni kugumu, kwa hiyo usimzibie mtu njia ya kutokea. Sentensi zinazosaidia ni hizi: "Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipopiga hesabu." "Ulichosema ni kweli kwa tanki, si kwa karai." "Mzee, ulitupa swali zuri." Sentensi zinazoharibu: "Nilikwambia", "Soma kwanza", na kile kicheko kinachoanza kabla mtu hajamaliza.

Ukishindwa wewe, sema neno moja tu, "Nimekosea," uandike tarehe, ulipe chai. Usianze "lakini". Nimeona watu wakilipa chai ya watu sita na bado wakapoteza heshima kwa "lakini" moja.

Na kundini kwenye simu usifanye hatua hii kwa maandishi. Mpigie mtu. Nusu ya ugomvi wa WhatsApp ni sauti ambayo msomaji ameitia mwenyewe kwenye maneno ya mwenzake.

Ukurasa wa karibuni zaidi wa daftari una dai la kinyozi mwenyewe: kwamba mashine yake ya kunyolea hukaa muda mrefu akiichaji usiku kuliko mchana, eti umeme wa usiku umetulia. Kijana wa umeme alifungua mdomo, akaufunga, akaomba kalamu. Dau ni kunyoa watu wawili bure. Tumekubaliana mizunguko kumi, mitano ya usiku na mitano ya mchana, kipima muda kiko kwenye simu yangu. Hadi Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye wa nne, na usiku unaongoza kwa dakika tatu.